Mwandishi na Kazi Yake: Nafasi ya Wasifu katika Uhakiki wa Fasihi ya Kiswahili

Utangulizi

Si jambo geni kumkuta mwanafunzi wa fasihi akifungua insha yake ya uhakiki kwa aya ya namna hii: mwandishi fulani alizaliwa mwaka fulani, katika kijiji fulani, akasoma shule fulani, akatunga vitabu kadhaa, akatuzwa. Aya hiyo ikiisha, insha huanza upya. Huingia katika dhamira, wahusika na mtindo, na yale yaliyosemwa kuhusu mwandishi hayatajwi tena hadi tamati. Mwandishi huyo amevishwa kilemba cha ukoka: ametajwa kwa heshima, kisha akasahauliwa.

Kwa upande wa pili, wapo wahakiki wanaoona kuwa kila mhusika mkuu ni mwandishi mwenyewe aliyejificha nyuma ya jina jingine. Hawa huisoma riwaya kama wanaosoma shajara. Makala haya yananuia kuonyesha kwamba pande zote mbili zimepotoka, na kupendekeza njia ya kumtumia mwandishi katika uhakiki bila ya kumpuuza wala kumwabudu.

Wananadharia wanasemaje?

Katika karne ya 19, mhakiki wa Kifaransa Sainte-Beuve alishikilia kuwa kazi haieleweki mpaka tumjue aliyeitunga. Msimamo huu ulipingwa vikali katika karne iliyofuata. Mwaka 1946, Wimsatt na Beardsley wa Marekani walidai kuwa nia ya mwandishi haiwezi kuwa kipimo cha kazi yake, kwa kuwa mara nyingi haijulikani, na hata ikijulikana, kinachohukumiwa ni matini. Mwaka 1967, Roland Barthes alitangaza kifo cha mwandishi ili msomaji apate uhuru wa kuzalisha maana. Mwaka 1969, Michel Foucault naye aliuliza mwandishi ni nini hasa, akaeleza kuwa jina la mwandishi lina kazi maalumu katika jamii: hutumiwa kuziainisha matini, kuzipa mamlaka na hata kumpata wa kuadhibiwa.

Hoja hizi ni nzito na hatuna budi kuzifahamu. Hata hivyo, yafaa tukumbuke zilikoibukia. Zilizuka katika jamii ambazo wasifu wa waandishi ulikuwa umeandikwa na kuandikwa tena. Kwetu sisi, watunzi wengi wa Kiswahili, hasa wa ushairi wa pwani, hawajaandikiwa hata ukurasa mmoja. Aidha, hoja ya Foucault kuhusu adhabu si nadharia tupu kwetu, kama tutakavyoona hapa chini.

Abdilatif Abdalla: kifungo na mnazi

Abdilatif Abdalla alizaliwa Mombasa mwaka 1946. Alifungwa gerezani kutoka mwaka 1969 hadi 1972 kwa sababu ya waraka wake *Kenya: Twendapi?*, uliouhoji utawala wa wakati huo. Mashairi aliyoyatunga kifungoni yalichapishwa mwaka 1973 kwa jina *Sauti ya Dhiki*, na mwaka 1974 diwani hiyo ikapata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, tuzo yenye jina la rais yule yule ambaye chini ya utawala wake mshairi alifungwa. Ni nani atakayethubutu kudai kwamba habari hizi hazina maana kwa msomaji wa diwani hiyo? Jina lenyewe la kitabu lingepungukiwa na uzito.

Lakini tuchunguze zaidi. Katika shairi lake la mnazi, ndugu wawili, Alii na Badi, wanajibizana wakigombania mti huo. Kifungo cha mshairi kinatufanya tuuone mnazi kama nchi na mgogoro wa ndugu kama mgogoro wa kisiasa. Usomaji huo una mashiko. Hata hivyo, kifungo hakielezi kwa nini mshairi alichagua majibizano, vina, mizani na lahaja ya Kimvita. Jibu la hayo halimo gerezani. Limo katika mapokeo ya Mombasa, ambako tangu enzi za Muyaka bin Haji (1776–1840) ushairi umekuwa uwanja wa mabishano ya watu na ya miji. Mhakiki anayeishia katika kifungo atauona uchungu wa mshairi na kuukosa usanii wake.

Isitoshe, katika diwani hiyo hiyo limo shairi ambamo kijusi kinamsihi mama yake asikitoe. Anayeamini kwamba kila neno la mfungwa linahusu kifungo chake atalazimika kuligeuza shairi hili kuwa fumbo la siasa. Huenda akafaulu, ila itambidi athibitishe kutokana na matini. Tarehe za kuingia na kutoka gerezani peke yake si ushahidi.

Kezilahabi: mtu na mhusika

Euphrase Kezilahabi (1944–2020) alizaliwa Namagondo, Ukerewe. Riwaya yake *Kichwamaji* (1974) inasimuliwa na Kazimoto, kijana msomi wa chuo kikuu anayeyaona maisha kuwa hayana maana na hatimaye anajiua. Mwandishi naye alikuwa kijana, alisoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Ukerewe anaijua. Mlingano huu umewashawishi wengi kusema kuwa Kazimoto ni Kezilahabi.

Mtego uko hapa. Kazimoto alikata tamaa, Kezilahabi aliandika. Baada ya riwaya hiyo alitoa *Dunia Uwanja wa Fujo* (1975) na *Gamba la Nyoka* (1979), akafundisha vyuoni Tanzania na Botswana, na akaishi zaidi ya miongo minne baada ya mhusika wake kufa. Kumfananisha mtu na mhusika kunaifuta kazi kubwa aliyoifanya mwandishi, yaani kumbuni msimulizi ambaye msomaji anapaswa kumsikiliza na wakati huo huo kumtilia shaka. Nafsi ya kwanza ni mbinu ya usimulizi. Si kiapo cha mahakamani.

Je, tuyatupe maisha ya Kezilahabi? La hasha. Kuna sehemu ya maisha yake inayomfaa sana mhakiki, nayo ni maisha ya fikra zake. Mwaka 1976 aliandika tasnifu ya uzamili kuhusu riwaya za Shaaban Robert, na mwaka 1985 alikamilisha tasnifu ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, kuhusu falsafa ya Kiafrika na tatizo la kufasiri fasihi. Miaka michache baadaye zikatoka *Nagona* (1990) na *Mzingile* (1991), riwaya zilizoukiuka uhalisia na kuwatatiza wasomaji wengi. Anayejua maswali ambayo mwandishi alikuwa akijiuliza kama msomi ana mwanga wa kuingilia katika riwaya hizo, ilhali anayejua tu alikozaliwa atabaki mlangoni.

Shaaban Robert: mtumishi wa serikali na nchi ya angani

Mfano wa tatu ni Shaaban Robert (1909–1962). Sehemu kubwa ya maisha yake alikuwa karani katika serikali ya kikoloni ya Tanganyika. Katika *Kusadikika* (1951), nchi iko angani na Karama anashtakiwa kwa kuanzisha mafunzo ya sheria. Ni rahisi kuhitimisha kuwa karani huyo aliificha nchi angani kwa kuwa hakuweza kumsema mwajiri wake waziwazi. Hoja hii inakubalika. Hata hivyo, nchi za kubuni na wahusika wenye majina ya sifa zao ni mbinu kongwe ya hekaya, na huenda angeitumia hata kama angekuwa huru.

Tunayo pia tawasifu yake, *Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini*. Wanafunzi huitumia kama ghala la ukweli. Tusisahau kwamba tawasifu nayo ni utungo: mwandishi amechagua la kusema na la kunyamazia, na amejichora jinsi alivyotaka akumbukwe. Basi nayo ihakikiwe.

Mwongozo kwa mhakiki

Kutokana na mifano hii, tunapendekeza kila habari ya maisha ya mwandishi ipitishwe katika maswali manne kabla ya kuingizwa katika insha.

Kwanza, habari hii imetoka wapi? Je, ni hati, mahojiano, dibaji, au ni uvumi uliorithiwa kutoka mwongozo mmoja hadi mwingine?

Pili, inaeleza nini katika matini? Kama haiangazi tukio, taswira au uteuzi wa lugha, iachwe.

Tatu, je, kuna maelezo mengine yanayotosha, kama vile mapokeo ya utanzu au desturi ya lahaja?

Nne, je, hatuzunguki mduara? Maisha ya Mwana Kupona wa karne ya 19, kwa mfano, tunayajua kwa sehemu kutokana na utendi wake aliomtungia bintiye. Tukiyachota maisha katika utendi, kisha tukautumia wasifu huo kuuthibitisha utendi, tutakuwa hatujathibitisha lolote.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kuwa maisha ya mwandishi ni ushahidi mmojawapo, na kama ushahidi wowote hayana budi kuhojiwa. Jukumu hili linawahusu hasa wanafunzi wa Kiswahili nchini Kenya. Wako watunzi miongoni mwetu, vijijini na mijini, ambao kazi zao zinakaririwa na majina yao hayajaandikwa popote. Wakiondoka bila ya kuhojiwa, hata maswali yetu manne hayatakuwa na cha kupima. Yafaa kila mwanachama wa chama chetu, akirudi kwao likizoni, amtafute mtunzi mmoja, arekodi kazi zake, na aandike tarehe, mahali na mazingira ya utunzi.

Barthes amtangaze mwandishi kuwa amekufa akitaka. Wahenga wetu walisema, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.