Swali moja, majibu mawili: a-unganifu katika maswali ya filamu za zamani

Wapenzi wa filamu za zamani za Hollywood hupimana kumbukumbu kwa maswali mafupi. Nikiyasoma maswali hayo kwa jicho la mwanaisimu, naona kwamba mabishano huweza kuzuka hata pale ambapo hakuna aliyesahau kitu.

Chukua: «Casablanca ni filamu ya mwaka gani?» Ilionyeshwa kwanza New York, Novemba 1942. Januari 1943 ikasambazwa Marekani, na ndiyo iliyopata Oscar ya filamu bora ya 1943. Kosa liko kwenye «ya»: a-unganifu huonyesha uhusiano bila kuutaja. Weka kitenzi, utata utakwisha: «Casablanca ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka gani?»

«Yenye» nayo ina mtego. «Filamu ndefu ya kwanza yenye mazungumzo ni ipi?» Wengi watajibu The Jazz Singer (1927), ingawa sehemu kubwa yake ni bubu. Atakayejibu Lights of New York (1928) ana hoja: ndiyo ya kwanza yenye mazungumzo tangu mwanzo hadi mwisho.

Swali legevu humnyima alama anayejua zaidi na kumpa aliyekariri. Ndivyo ilivyo pia katika mitihani yetu, na huko alama huamua mwaka mzima.

Zoezi: andika upya «Oscar ya kwanza ya filamu bora ni ya filamu gani?», ukikumbuka kwamba mwaka 1929 Wings na Sunrise zilituzwa katika vitengo viwili tofauti.