Wasiwasi wa Moyo si Upungufu wa Imani

Ndugu zangu katika Imani, neno "wasiwasi" tunalitumia kwa mambo mawili: uchochezi wa Shetani, na hofu ya moyo isiyokoma. Ndiyo maana mwenzetu anayekosa usingizi kwa miezi, moyo ukimwenda mbio, huambiwa tu, "Ongeza ibada." Naye hunyamaza, asije akadhaniwa hana tawakkul.

Mtume (s.a.w.), kama alivyopokea Anas katika Sahihi Bukhari, alikuwa akikithirisha kuomba kinga ya Allah dhidi ya hamm na huzuni. Wanazuoni wamefafanua kuwa hamm ni mashaka ya yajayo, na huzuni ni ya yaliyopita. Nabii Yaaqub (a.s.) alihuzunika hadi macho yake yakawa meupe. Je, alipungukiwa na imani? Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kilichoeleza kuwa nafsi huugua kama mwili, nayo hutibiwa.

Basi shika dua, na tiba usiiache. Mweleze mmoja unayemwamini. Mwone daktari au mshauri wa wanafunzi. Nawe unayeelezwa, sikiliza kwanza, tunza siri, kisha msindikize. Kutaja maradhi ili yatibiwe si kumlalamikia Allah.