Simbidiamu Inataka Usiku wa Baridi: Vidokezo kwa Anayeitunza Nyumbani

Mwenye simbidiamu akikutana na mwenzake, swali huwa lile lile: mbona yangu ina majani tele na haitoi ua? Mara nyingi jibu liko nje ya dirisha, usiku. Okidi hii huletwa nyumbani siku ya harusi au mahafali ikiwa imesheheni maua, ikawekwa sebuleni, na hapo ikakaa mwaka mzima ikingoja baridi isiyofika. Ukimudu jambo hilo moja, mengine ni mepesi, na mmea mmoja unaweza kuishi na familia hadi watoto wakaurithi.

1. Jua ukoo wake. Simbidiamu zenye maua makubwa zinazouzwa madukani ni machotara. Mababu zao ni okidi za milimani, kuanzia miteremko ya Himalaya, Myanmar na kusini mwa China hadi Vietnam. Chotara aliyeitwa Alexanderi, aliyesajiliwa Uingereza mwaka 1911, yumo katika nasaba ya nyingi tunazoziona leo. Huko milimani mvua ni nzito wakati wa joto na mwanga ni mwingi. Msimu wa mvua ukiisha, usiku unakuwa baridi, na mmea huichukua baridi hiyo kama taarifa ya kuanza kuandaa maua.

2. Ilaze nje. Hiki ndicho kidokezo kikubwa kuliko vyote. Simbidiamu inahitaji wiki kadhaa za usiku wenye nyuzi 10 hadi 14 za Selsiasi, na mchana uliozidi usiku kwa nyuzi 8 au 10 hivi. Aliye Limuru, Nyeri, Lushoto, Njombe au Mbeya amepewa baridi hiyo bure kuanzia Juni hadi Agosti. Kazi yake ni kuutoa mmea nje tu. Baraza inafaa, ukumbi wa nyuma unafaa, na kivuli chepesi cha mti kinafaa pia. Nairobi roshani inatosha, lakini si ndani ya chumba chenye madirisha yaliyofungwa, kwa sababu kuta hutunza joto la mchana hadi alfajiri. Usiuonee huruma na kuurudisha ndani kila jioni. Cha kuogopa ni sakitu: nyanda za juu za Njombe na Mufindi huipata, na usiku wa namna hiyo mmea ukae chini ya paa, karibu na ukuta.

3. Kama uko pwani, chagua vingine. Nasema hivi kwa kuwa nawapenda watu wa pwani na sipendi wapoteze fedha. Dar es Salaam, Mombasa na Unguja, hata Julai, usiku hukaa karibu na nyuzi 20 au juu yake. Simbidiamu ya maua makubwa itaota majani mazuri huko na isichanue tena. Kiyoyozi hakisaidii sana, maana kinaikausha hewa, na chumba chenyewe huwa kina mwanga hafifu. Ukipewa zawadi, ifurahie mpaka maua yaishe, kisha mpelekee shangazi aliye Lushoto au rafiki aliye Taita. Kwa ajili yako tafuta dendrobiamu au vanda, ambazo joto na unyevu wa pwani ndiyo maisha yao. Iko pia okidi ya Afrika yenyewe, Ansellia africana, yenye maua ya manjano yaliyotapakaa madoa ya hudhurungi. Ni ya kundi moja na simbidiamu, na joto haliisumbui. Inunue kitaluni, usiing'oe porini. Okidi zetu zinapungua kwa sababu ya mikono yetu, na mmea uliobanduliwa mtini mara nyingi hufia chunguni.

4. Mlio Ulaya, mna bahati msiyoitumia. Toeni chungu nje baada ya baridi kali ya mwezi Mei kupita, kikae kwenye bustani au roshani mpaka mwishoni mwa Septemba, kabla ya sakitu ya kwanza. Usiku wa Agosti na Septemba ndio unaofanya kazi. Mkikirudisha ndani, msikiweke juu ya mtambo wa kupasha joto. Chumba kisichopashwa sana, chenye nyuzi 10 hadi 15 usiku na dirisha lenye mwanga, ndicho chumba chake. Na mtu asifikirie kufunga mmea hai kwenye begi la kuja nao nyumbani bila karatasi. Mimea hai inahitaji kibali na cheti cha afya ya mimea: Kenya waulizeni wakaguzi wa afya ya mimea, KEPHIS, Tanzania Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu.

5. Soma majani. Rangi yake inakuambia habari za mwanga kuliko kipimo chochote. Kijani chenye unjano kidogo ni afya. Kijani cha kukolea, majani marefu yaliyolegea, ni njaa ya mwanga, na mmea wa namna hiyo hata ukipata baridi hautatoa kitu. Manjano iliyopauka au madoa makavu meupe ni jua lililozidi. Jua la asubuhi ni rafiki. La saa sita mchana, hasa kwetu karibu na Ikweta na juu milimani, huunguza. Neti ya kivuli ya kuzuia nusu ya mwanga inatosha.

6. Udongo wa bustani usikaribie chungu hiki. Mizizi ya simbidiamu ni minene na inataka hewa kama inavyotaka maji. Ukiizika kwenye udongo mzito inaoza. Tumia magome ya msonobari (wengi wanaita mpaini) yaliyovunjwavunjwa vipande vya ukubwa wa njugu au kuzidi kidogo. Penye mashamba ya mbao kama Mufindi, magome hayo si kitu cha kutafuta kwa tochi. Changanya na makaa yaliyopondwa na mawe mepesi ya volkeno au kokoto ndogo.

Makumbi ya nazi nayo yanafaa sana, kwa sharti moja. Pwani makumbi hufukiwa kwenye tope la ufukweni ili yalainike kwa kusokota kamba, na hayo yamejaa chumvi ya bahari. Usiyatumie. Chukua makavu yaliyofuliwa karibuni, yakate vipande, yaloweke siku mbili tatu ukibadilisha maji, kisha yasuuze mpaka maji yatoke bila rangi ya chai. Hata makumbi ya bara yana chumvi kiasi, kwa hiyo kuloweka hakuna msamaha.

7. Mwagilia kwa kujaza, halafu acha. Maji kidogo kidogo kila siku ndiyo yanayoua. Mimina hadi yachuruzike chini kwa wingi, subiri, mimina tena, kisha usirudi mpaka juu pakauke na ukitia kidole ndani uhisi unyevu mdogo tu. Wakati wa kukua hiyo huwa mara moja au mbili kwa wiki; wakati wa baridi, punguza, lakini usiache pakauke kabisa. Sahani yenye maji chini ya chungu iondoe.

Maji ya mvua ndiyo bora. Kama una tangi la kukinga maji ya paa, hiyo ndiyo hazina ya okidi yako. Maji ya kisima chenye magadi au chumvi huunguza ncha za majani, zikawa nyeusi. Na tazama matunguu, yale mashina yaliyovimba pale majani yanapoanzia: yakisinyaa, usikimbilie ndoo. Kiu husinyaza, lakini hata mizizi iliyooza husinyaza, kwa kuwa haiwezi tena kunywa. Uchomoe mmea taratibu uone. Mizizi mizima ni myeupe na migumu; iliyokufa ni ya kahawia na ukiibinya inateleza ganda.

8. Mbolea iwe nyepesi. Ya kuyeyuka kwenye maji, aina ya NPK, nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, kila baada ya wiki mbili chipukizi zinapokua. Baridi ikianza, tumia yenye potasiamu nyingi kuliko naitrojeni. Mara moja kwa mwezi mwagilia maji matupu mengi ili kuondoa chumvi iliyobaki. Samadi, hapana.

9. Jifunze kutofautisha chipukizi na kikonyo. Vyote viwili huchomoza ubavuni mwa tunguu, na wiki za mwanzo huchanganya. Chipukizi la majani ni bapa na ncha yake hufunguka mapema, majani yakaachana. Kikonyo cha maua ni mviringo, kimenenepa katikati, na ukikigusa kwa upole unahisi matumba laini ndani. Ukiwa na hakika, chomeka kijiti kando yake na ufunge kikonyo kwa uzi mlegevu kadiri kinavyorefuka. Ni chepesi kuvunjika kikiwa kichanga. Tangu hapo usizungushe chungu. Matumba hugeukia mwanga, na ukikizungushazungusha maua yatatazama kila upande. Konokono nao, wenye kombe na wasio na kombe, hupenda ncha hiyo changa. Usiku mmoja unatosha wao kumaliza kazi ya mwaka, hivyo pita na tochi.

10. Sasa iingize ndani. Matumba yakianza kufunguka, simbidiamu ni mgeni wa sebuleni kwa haki kabisa. Mahali penye ubaridi maua hudumu wiki 6 hadi 10, na hakuna shada la dukani litakalokupa hivyo. Iweke mbali na jiko na mbali na bakuli la matunda. Ndizi na maembe yanayoiva hutoa gesi ya ethilini, ambayo huangusha matumba na kunyausha maua. Joto la ghafla hufanya hivyo hivyo, kwa hiyo kama nje ni baridi sana, ipitishe kwanza siku chache kwenye chumba cha ubaridi.

Zuia na nyuki. Nyuki akiingia na kubeba kifuko cha chavua, mdomo wa ua hugeuka mwekundu na ua lenyewe hunyauka mapema. Ukiona ua moja limebadilika rangi hivyo kabla ya wenzake, si ugonjwa. Watoto wanaopenda kugusa katikati ya ua husababisha jambo hilo hilo. Waonyeshe, waeleze sababu, wataelewa.

11. Badilisha chungu kila miaka miwili au mitatu, maua yakishaisha. Simbidiamu hupenda kubanwa, kwa hiyo chungu kipya kiwe na nafasi ya ukuaji wa miaka miwili tu. Kata mizizi iliyokufa, suuza mingine, weka matunguu ya zamani kando na chipukizi lielekee kwenye nafasi tupu. Matunguu yasizikwe. Ukigawanya mmea, kila kipande kibaki na matunguu matatu au zaidi yenye majani. Tamaa ya kupata vyungu vingi huchelewesha maua ya vyote.

12. Kisu chako kinaweza kuwa adui. Wadudu gamba na vidung'ata wafute kwa kitambaa chenye maji ya sabuni. Vidukari kwenye matumba wasafishe kwa maji. Utitiri huja hewa ikiwa kavu, chini ya majani. Hawa wote wanashindika. Virusi vya mozaiki havina dawa, na husafiri kwenye makali ya mkasi kutoka mmea hadi mmea. Mfaransa Georges Morel alionyesha mwaka 1960 kwamba simbidiamu safi inaweza kukuzwa maabara kutoka kwenye ncha ndogo ya chipukizi la mmea wenye virusi, na njia hiyo ndiyo iliyofungua mlango wa kuzalisha okidi kwa wingi na kwa bei ya watu wa kawaida. Nyumbani huna maabara, lakini una moto: pitisha makali kwenye mwale wa jiko la gesi kabla ya kugusa mmea mwingine.

13. Usitupe matunguu makongwe. Yaliyokwisha majani na bado ni magumu yana uhai. Yatenganishe wakati wa kubadilisha chungu, menya maganda makavu, yalaze nusu nje nusu ndani ya makumbi yenye unyevu, kivulini. Baada ya miezi michache kitachomoza kichipukizi. Maua yatachukua miaka mitatu au zaidi. Bandika kibao chenye rangi ya ua la mama yake, kwa sababu bila maua matunguu yote yanafanana, na jirani utakayempa atapenda kujua anangoja nini.