HDL kwenye karatasi ya daktari

Ukipimwa damu, tafuta herufi HDL kwenye karatasi ya majibu. Hiyo ndiyo kolesteroli nzuri: huokota kolesteroli iliyozidi kwenye mishipa na kuirudisha kwenye ini. Hapa Marekani, chini ya 40 kwa mwanaume au 50 kwa mwanamke huhesabiwa kuwa ndogo. LDL ni kinyume chake, hiyo tunaitaka iwe chini.

Kule Nyarugusu tulitembea kufuata kuni, na hakuna aliyeyaita mazoezi. Hapa ni gari, kisha kochi. Mwaka wangu wa pili HDL yangu ilikuwa 36. Nikaanza kutembea kwa haraka nusu saa, siku tano kwa wiki. Baada ya miezi minne ikawa 41. Ni kidogo, na ndivyo ilivyo: mazoezi huipandisha polepole, ila pia husaidia presha na sukari. Sigara huishusha.

Wakati wa theluji tembea ndani ya maduka makubwa. Hakuna atakayekuuliza unanunua nini. Kama umeandikiwa dawa, usiziache kwa sababu umeanza kutembea. Na kama karatasi huielewi, omba mkalimani kliniki. Hulipi.