Feni ya Rejeta Ikigoma

Wanachama wenzangu, leo nawaletea somo nililolipata barabarani, wala si darasani. Likizo ya Agosti tulitoka Kiambere kwa pikapu ya mjomba, tukipanda kuelekea Kiritiri. Nyuma yetu bwawa linalotoa umeme tangu 1988. Mbele yetu feni isiyo na umeme! Geji ilipanda, mvuke ukafuka. Mjomba akashika kifuniko cha rejeta.

"Mjomba, ngoja ipoe!"

Maji yale yako kwenye shinikizo. Ukifungua yangali moto, yanakurukia usoni.

Yalipopoa tuliongeza mengine, tukajikokota hadi Kiritiri. Makanika mmoja akasema feni imekufa, inunuliwe mpya. Na pesa iliyokuwapo ni ya karo yangu tu! Nikaomba tupime kwanza.

Gari likienda mbio, upepo huipoza rejeta. Likisimama au likipanda polepole, ni kazi ya feni. Tulizima injini, tukachomoa plagi ya feni, tukaunganisha nyaya zake mbili na betri. (Vidole mbali, jamani!) Ikazunguka vuu! Kumbe mota ni nzima. Fyuzi nayo nzima. Rilei tuliibadilisha na ya honi, kwa kuwa zilifanana; wapi! Ikabaki swichi ya joto, ile ambayo katika magari ya zamani hufungwa kwenye rejeta na kuwasha feni maji yakifika kama nyuzi 95. Tuliunganisha nyaya zake kwa kipande cha waya, mjomba akafungua swichi ya ufunguo. Feni ikanguruma.

Tukanunua swichi tu, na muhula wa tatu nikaripoti shuleni.