Monster Hunter: World imeshuka bei, ninunue?

SWALI: Niko Endiinzi, mdogo wangu yuko Mbarara. Tunataka kucheza pamoja. Itatufaa?

JIBU: Ndugu yangu, mchezo ni mtamu kweli. Capcom waliutoa 2018, na wawindaji hadi wanne humwandama dude mmoja: huyu anamkata mkia, yule kamrukia mgongoni. Lakini gharama iko kwenye bando. Kwenye kompyuta mchezo unadai nafasi ya GB 52! Tena skrini haigawanywi; kila mmoja awe na mashine yake, nakala yake na intaneti isiyokatika. Kama mtandao wa hapo kwenu unayumba jioni, pesa yako itunze. Mtandao ukiwa imara, nunueni wote wawili, kisha peleka kompyuta Mbarara kwa mdogo wako, mchezo upakuliwe huko usije ukamaliza bando lako.