Zebaki Imekwenda Wapi?

Wengi wetu hapa Nyahanga tuna ndugu machimboni. Likizo iliyopita nilimwona mchimbaji mmoja akichoma donge la dhahabu na zebaki juu ya jiko la mkaa, watoto wamemzunguka. Donge lilikuwa jeupe kama fedha. Baada ya muda likabaki la manjano. Nikajiuliza: zebaki imekwenda wapi? Jibu nimelipata katika somo la Kemia.

Kila atomi ina elektroni zilizoshikwa na kiini chake. Kuing'oa elektroni ya nje ni kazi, na kazi hutaka nishati. Kwa moli moja ya atomi zilizo katika hali ya gesi, sodiamu hutaka kilojuli 496, dhahabu 890, na zebaki 1007.

Sodiamu, basi, ni mkarimu. Humpa klorini elektroni, na klorini aipokeapo hutoa kilojuli 349. Msomaji ataona kwamba bado kuna deni la 147. Deni hilo hulipwa ayoni zinapovutana na kujipanga, na ziada hubaki. Ndivyo ipatikanavyo chumvi tulayo.

Dhahabu haitoi elektroni upesi. Hiyo ni sababu mojawapo ya kukaa kwake katika miamba ya Bulyanhulu na Geita miaka na miaka bila kushika kutu. Zebaki ni bahili zaidi. Imezishika elektroni zake mno hata hazishirikishi vema na atomi jirani. Kwa hiyo atomi zake hushikana kwa ulegevu. Ndiyo maana zebaki ni majimaji, na kwa nyuzi 357 za Selsiasi huchemka, hali dhahabu haiyeyuki mpaka nyuzi 1064.

Kumbe zebaki ile haikupotea. Iligeuka mvuke usio na rangi wala harufu, ukaingia vifuani mwa waliokuwapo. Sumu hiyo hudhuru ubongo, mishipa ya fahamu na figo, hasa za mtoto, hata aliye tumboni. Chombo kilichofungwa, chenye bomba la kupoza mvuke, huirudisha zebaki kuwa majimaji. Lakini kutoitumia kabisa ndiyo salama zaidi.

Twendapo likizo, tuwaeleze wazee wetu kwa adabu: jiko la chakula si mahali pa zebaki. Dhahabu haikimbii moto. Kinachokimbia ndicho kinachotuua.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne